Namna ya kusikiliza santuri za zilizopendwa nyumbani, part 1 mpaka part 2

Kama kuna mzee kwenye ukoo wenu aliyependa dansi miaka ya 70, nenda kamsalimie umuulize sahani zake za santuri ziko wapi kabla watu hawajazitupa, mara nyingi ziko stoo au kwenye sanduku chini ya kitanda na hakuna anayezigusa. Nyingi utakazokuta ni zile ndogo za inchi 7, spidi 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika, maana ndo zilizokuwa zinauzwa sana huku kwetu, na bendi zetu hata zikiwa zinapiga Dar au Morogoro, sahani zao nyingi zilitolewa Nairobi. Mbaraka Mwinshehe, Simba Wanyika, Les Wanyika, wote utawakuta humo. Hizo ndo nazizungumzia hapa.

Raha yake iko wapi sasa. Upande mmoja wa sahani ndogo unabeba dakika 4, 5 hivi, na nyimbo za dansi ni ndefu, kwa hiyo waliukata wimbo vipande viwili. Upande A wameandika part 1, unapata kisa chote, waimbaji wanalalamika wee mpaka basi, halafu sauti inafifia. Part 2 iko nyuma, na huko ndo kwenye chemko, magitaa yanajibizana, tarumbeta zinaingia. Ukisikiliza kwenye simu mara nyingi wameshaunganisha vyote unapitiliza tu, ila kwenye santuri lazima unyanyuke ugeuze, na ile nafasi ndogo katikati ni tamu kweli, kisa umeshakijua, unajua kinachokuja ni gitaa, unashusha sindano huku unalisubiri. Kwa hiyo usiweke sahani nyingine kabla hujageuza, utakuwa umesikia nusu ya wimbo!

Haya, mashine. Vile vipleya vya kisanduku vya bei chee vinavutia macho lakini vingi sindano yake inakandamiza sana, mi sivipendekezi kwa sahani ambazo huwezi kuzipata tena. Tafuta yenye mkono wenye kile kizito cha nyuma unachokizungusha kurekebisha uzito, katriji nyingi, yaani kile kichwa kidogo kinachoshika sindano, zinataka kama gramu 2 au pungufu kidogo, soma karatasi yake ya maelekezo. Na usidhani nyepesi zaidi ndo salama zaidi, sindano ikiwa nyepesi kupita kiasi inarukaruka na kukwangua mifereji ya sahani vibaya kuliko ile nzito kidogo. Halafu hakikisha mashine imekaa sawa, chukua pima maji ya fundi ujenzi uweke juu yake, na spika zisikae meza moja nayo kwa sababu mtikisiko wa besi unarudi kwenye sindano.

Kitu kinachowachanganya wengi ni sauti kuwa ndogo. Umeme unaotoka kwenye katriji ni milivolti chache tu, na pia wakati wa kukata sahani besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa makusudi, kwa hiyo lazima kuwe na kifaa cha kukuza na kurudisha mizani yake, kinaitwa foni priampu. Ukichomeka moja kwa moja kwenye sabufa bila hicho utasikia kitu chembamba kama redio iliyoishiwa betri, na sahani haina kosa lolote. Amplifaya nyingi za zamani za Sansui au Pioneer zina tundu limeandikwa PHONO nyuma, hapo hapo, umemaliza. Pleya nyingi mpya nazo zinayo ndani, kuna swichi. Kama kuna kiwaya chembamba cha ethi, kifunge kwenye skrubu ya amplifaya, la sivyo kutakuwa na mvumo usioisha.

Sahani nyingine za 45 zina tundu kubwa katikati, zinahitaji kile kiadapta cha kujaza tundu, usijaribu kukadiria kwa macho maana ikikaa pembeni kidogo wimbo unayumba.

Kuosha: usiweke kamwe sahani chafu chini ya sindano. Nunua maji ya betri petrol station, yale maji masafi jamani, siyo asidi, muulize muuzaji mara mbili, weka tone moja la sabuni ya vyombo, chukua kitambaa laini kisichoacha nyuzi, pangusa kwa kuzunguka kufuata mifereji, usikatize. Suuza kwa maji hayo hayo matupu, karatasi ya katikati isilowe, simamisha zikauke kivulini. Juani zinapinda na hazirudi.

Ukibahatika kukuta zile nzito za spidi 78, za enzi za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar ambaye alikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, hizo simama kwanza. Zinavunjika zikianguka, spiriti inaziyeyusha, na mfereji wake ni mpana, unataka sindano yake maalumu. Ukizicheza kwa sindano ya 45 utasikia kelele nyingi na sindano inaweza kuharibika.

Kuhifadhi, zisimamishe kama vitabu, usizilaze mrundo, kila moja kwenye mfuko wake. Walioko Tanga, Mombasa, Unguja, unyevu wa pwani unaleta ukungu kwenye makava, kwa hiyo usizibane ukutani, ziache zipate hewa.

Sindano nayo inazeeka. Ukianza kusikia zile "s" za mwimbaji zinakwaruza hata kwenye sahani uliyoosha, badilisha, usingoje, kwa sababu sindano iliyochakaa inakula sahani kila unapoicheza, na sindano dukani zipo, ila sahani nyingi za hizo bendi hazijachapwa tena.