Kuchambua vitambaa vya kale, mitumbani na masandukuni

Ukienda soko la Darajani, Unguja, kutafuta kitambaa cha zamani, usianzie kwenye magauni yaliyotundikwa. Hayo kila mtu ameshayapekua, na mengi ni poliesta ya juzi. Anzia kwenye mashuka na mapazia. Mabelo hufungwa kwa aina, na belo la nguo za nyumbani ndilo linaloficha pamba nzito na kitani cha zamani, kwa sababu shuka la wageni hukaa kabatini miaka mingi bila kutumika. Muulize muuzaji belo hilo linafunguliwa siku gani, ufike asubuhi. Mchana mafundi cherehani wameshapita.

Khanga za kale ni habari nyingine. Hizo hutoka masandukuni mwa watu. Mjini Unguja utazikuta kwenye maduka ya vitu vya kale mitaa ya Gizenga na Hurumzi, kwa bei ya mtalii. Ukiwa Pemba, Chake Chake au Wete, waulize mafundi na wauza khanga nani anatoa vya bibi yake.

Chukua tepu ya fundi, kwani upana husema zaidi kuliko maua. Kitambaa chenye inchi 36, yaani wari moja au sentimita 91 hivi, na kingo mbili za kiwandani zikiwa nzima, mara nyingi ni cha zamani. Siku hizi vingi vina inchi 45 hadi 60. Ukingo mmoja ukiwa umekatwa, kipimo hicho hakina maana tena. Kama kuna lebo, isome nchi: "West Germany" ni kabla ya Ujerumani kuungana mwaka 1990, na "Czechoslovakia" ni kabla nchi hiyo haijagawanyika mwaka 1993. Mchoro usikudanganye, maana maua ya miaka ya sabini yanachapwa upya kila leo.

Kisha kipeleke kwenye mwanga wa jua. Kinyanyue kwa mikono miwili na uangalie katikati, sehemu inayokaliwa na kulaliwa. Ukiona mwanga unapenya zaidi hapo kuliko pembeni, pamba imeisha. Shika sehemu ya upana wa vidole vinne na uvute polepole, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Ukisikia mlio mdogo wa nyuzi kukatika, rudisha, hata kama rangi inakulilia. Kitambaa kilichooza hakishoneki: sindano ya cherehani itakitoboa mstari mzima na mshono utafunguka siku ya kwanza kuvaliwa.

Kwenye vitambaa vya kale kagua weusi na kahawia kwanza. Baadhi ya rangi hizo zilikazwa kwa chuma, na chuma hula pamba taratibu. Ndiyo maana unaweza kukuta nyekundu na nyeupe ziko imara, huku mistari myeusi imechanika kama imekatwa kwa wembe.

Kujua pamba na poliesta, omba ruhusa, uchomoe nyuzi mbili tatu kwenye pindo na uziwashe mbali na meza. Pamba na kitani hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Hariri hunuka nywele. Nyuzi zilizochanganywa hutoa jivu na kidonge pamoja. Kwa batiki za Indonesia zinazochanganyika na mitumba, geuza tu upande wa pili: batiki ya nta ina rangi karibu sawa pande zote, na ile ya kuchapwa hufifia nyuma.

Kwa khanga, angalia pindo la pembeni, mji wa katikati na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Jina lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu ni dalili nzuri ya ukongwe. Alama ya K.H.E., Mali ya Abdulla, haitoshi peke yake: duka hilo la Mombasa lilianza mwaka 1887 na bado linauza. Kisutu, khanga ya harusi, nacho kinachapwa hadi leo kwa mchoro uleule. Jambo la kuuliza ni kama doti, yaani jozi ya khanga, bado ni kamili. Vipande viwili ambavyo havijatenganishwa, bado vina wanga wa dukani, vina thamani kubwa kuliko kimoja kilichofuliwa. Lakini kunjua vyote viwili kabla ya kulipa, kwa sababu mende hupenda wanga huo na matundu hukaa ndani ya mikunjo. Madoa ya kutu kutoka misumari ya sanduku yachunguze kwa ukucha: yakivunjika, tundu linakuja. Hayo ndiyo ya kuonyesha unapouliza "mwisho ngapi?"

Nyumbani, usikimbilie kufua. Lowesha kitambaa kingine cheupe, tia sabuni kidogo, kikandamize pembeni mwa kile ulichonunua kwa dakika moja. Cheupe kikitoka na rangi, fua ulichonunua peke yake kwa maji baridi, haraka, bila kuroweka. Chumvi na siki, ambazo kila mtu atakushauri, hazikazi rangi inayochuja. Jiki usiiguse. Ndimu na chumvi juani hutoa kutu kwenye pamba nyeupe tu. Suuza sana baadaye, asidi ikibaki inadhoofisha nyuzi. Anika kivulini, kikiwa kimelazwa kama ni chepesi.

Ukitia shaka kuna wadudu, funga kwenye mfuko usiopitisha hewa, weka kwenye friza wiki mbili, na ukiutoa usiufungue mpaka ubaridi wake uishe, la sivyo umande utakilowesha. Halafu hifadhi kwenye shuka la pamba, si plastiki. Karafuu ziwe ndani ya kifuko, zisiguse kitambaa, mafuta yake huacha doa. Masika yakiisha kunjua, angalia ukungu, kisha kunja pengine, kwani nyuzi hukatika palepale zinapokunjwa.