Kilo sifuri, au mzigo haujapimwa? Kusoma NULL bila kuharibu hesabu

Chukua jedwali la `mizigo` kwenye hifadhidata ya dalali wa soko la Kongowea. Lori la vitunguu limeingia saa kumi alfajiri, nambari ya gari imeshaandikwa, lakini mahamali hawajapandisha gunia hata moja kwenye mizani. Safu ya `kilo` inabaki NULL, yaani bado haijulikani. Ukiisoma kama sifuri, ripoti ya asubuhi itasema lori limekuja tupu, na mwenye mzigo atakuja juu.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye Java. `rs.getInt("kilo")` (`rs` ni matokeo yaliyorudi kutoka hifadhidata) ikikuta NULL hairushi kosa lolote: inakupa 0, kimya. Dawa ya zamani ni kuuliza `rs.wasNull()` papo hapo, maana jibu lake ni la safu iliyosomwa mwisho tu. Ukisoma kilo, kisha bei, ndipo uulize, umeulizia bei. Njia isiyo na presha ni hii:

`Integer kilo = rs.getObject("kilo", Integer.class);`

Kigeu kiwe `Integer`. Ukiandika `int`, isiyoweza kubeba NULL, NULL ya kwanza itaangusha programu kwa `NullPointerException`.

C# angalau hupiga kelele: `GetInt32` hurusha kosa, basi tanguliza `IsDBNull`. Python huleta `None`; hapo usiandike `if not kilo`, kwa kuwa sifuri halali nayo itanaswa. Andika `if kilo is None`.

Je, si rahisi kuweka `COALESCE(kilo, 0)`, inayotoa 0 mahali pa NULL, kwenye SQL na yakaisha? Hayaishi. Lori tatu zina 400, 600 na NULL: `AVG(kilo)` huiruka NULL na kutoa 500. Ukiigeuza sifuri kwanza, wastani unashuka hadi 333. `COALESCE` ina mahali pake kwenye jumla: siku isiyo na mzigo, `SUM(kilo)` hurudisha NULL, kwa hivyo `COALESCE(SUM(kilo), 0)` ni sawa.

Kuitafuta mizigo ambayo haijapimwa, tumia `WHERE kilo IS NULL`. `= NULL` haileti mstari hata mmoja.

Na usilale kwa sababu safu umeiwekea `NOT NULL`, yaani isikubali NULL. `LEFT JOIN` kutoka jedwali la malori hubakiza kila lori, hivyo itakuletea `kilo` NULL kwa kila lori lisilo na mzigo uliosajiliwa.