Akwariomu kubwa mu nyumba ya Bukavu: panga umeme na maji mbele ya samaki

Bantu mingi bakitaka akwariomu, kintu ya kwanza banauliza ni samaki: nitazipata wapi, za rangi gani, bei gani. Hapa kwetu Bukavu mi naona muntu aanzie ku upande mwingine. Umeme ukikatika usiku muzima, samaki zitapata hewa wapi? Na maji ya kujaza litri 400 itatoka wapi? Ukishajibu hizo mbili, bingine byote binafatana.

Ukubwa yenyewe usiuogope. Akwariomu ya litri 60 njo ngumu kuchunga, juu maji kidogo inapoa haraka na inachafuka haraka, samaki moja ikifia nyuma ya jiwe bila wewe kuona, kesho yake zingine nazo ziko hoi. Maji mingi inabadilika pole pole, inakupa muda wa kushtuka na kurekebisha. Na sisi tuko ku metre karibu 1500 juu ya bahari, usiku wa Bukavu iko baridi, hiyo wingi ya maji itakusaidia.

Vipimo byenye napenda ni metre 1,50 urefu, santimetri 50 upana, 55 kimo. Ukijaza mpaka santimetri 50 unapata litri 375, njo kusema bidoni 19 za litri 20. Hesabu kilo sasa: maji 375, vioo bya milimetri 12 karibu 90, mchanga na majiwe 60 ao zaidi. Imepita kilo 500. Kama nyumba iko ya mbao juu ya mteremko, tafadhali usijaribu, tafuta fasi yenye sima imemwagwa chini kabisa. Meza mpe fundi mwenye kusude aitengeneze na chuma, kiisha upime na nivo ku urefu na ku upana, juu maji ikilala upande moja inasukuma kioo mpaka silikoni inaachia. Chini ya kioo weka frigoliti (ile povu nyeupe nyepesi) ya santimetri mbili. Meza ufunge ku ukuta na chuma, wenye walikuwa hapa tarehe 3 Februari 2008 banajua udongo wa Bukavu unaweza kutikisika.

Silikoni iko ya namna mingi. Tafuta ile yenye kunuka siki (vinegre) wakati inakauka, na usome vizuri ku tube: kama banaandika ni ya kuzuia ukungu, ya duushi, uache, ile dawa inaua samaki. Ukishabandisha ngoja wiki moja nzima. Kiisha jaza maji nje mu parsele, iache siku mbili, upitishe karatasi kavu ku kila kona. Karatasi ikilowa, mwaga maji, katula silikoni yote ya ile kona na urudilie, kupakaza ingine juu ya ile ya zamani haishike.

Maji ya robinet iko na klori. Iweke mu fiti (pipa) wazi siku moja ao mbili, klori itatoka yenyewe, na kama uko na pompa ya hewa itie ndani, inatoka mbio zaidi. Maji ya mvua yenye kupita ku manjanja usiitumie, zinki ya manjanja inashuka ndani na hata kidogo inatosha kuua samaki. Ya ziwa Kivu iko na pH (kipimo ya uchachu ya maji) karibu 9, samaki za ziwa Tanganyika, njo zenye tutafuga hapa, zinaipenda, lakini usichote karibu na fasi mto Kawa unaingilia ku ziwa na uchafu yote ya muji, enda mbali na pwani. Kama ya robinet iko na pH ya chini, kuna bikarbonati, ile bamama banatiaka mu sombe: ongeza kidogo kidogo, kila siku upime.

Tuje ku umeme sasa, hapa njo moyo ya kazi. Usitegemeye filtri kubwa peke yake. Weka eponji mbili kubwa za kuchuja maji, zenye kutembea na hewa, na pompa ya hewa ya volti 12 juu ya batri. Pompa ya wati 5 ku batri ya ampere 40 inaweza kufanya karibu siku mbili bila kumaliza nusu ya batri, na ukiwa na pano ndogo ya jua, hata umeme ukikaa wiki bila kurudi hauna shida. Ile pompa itundike juu kuliko maji. Ukiiweka chini, siku itasimama maji itarudi ndani ya mupira, itashuka mpaka ku pompa na kiisha ku sima, asubuhi unakuta ziwa ndogo mu salon. Na ile filtri ya kufunga, yenye kuwa inje ya akwariomu, kama imezimika masaa mingi usiiwashe hivi hivi: maji ya ndani imekosa hewa na imeoza, imwage kwanza, suuza eponji yake mu maji ya akwariomu.

Joto nayo: samaki za Tanganyika zinataka digri 24 mpaka 27. Rezistansi (ile ya kupasha maji moto) ya wati 300 batri ya kawaida haiwezi kuibeba, kwa hiyo funika kioo ya nyuma na ya pande mbili na frigoliti, juu weka kifuniko, na usiku wenye umeme haupo tupia bulangeti pale mbele.

Majiwe: lava ya Goma, yenye kuletwa na bato, iko mepesi na iko na matundu mingi fasi bakteria zitaishi. Isugue na brosi ngumu, pitisha vidole kila upande na uvunje ncha zenye kukata. Ipange kwanza juu ya kioo, mchanga ukuje nyuma, juu hizo samaki zinachimba, na jiwe lenye kusimama juu ya mchanga litaanguka.

Kiisha unangoja. Hapa njo bantu banashindwa. Tia chakula kidogo kila siku bila samaki: inaoza, inatoa amonia, bakteria za kwanza zinaigeuza nitriti, za pili zinaigeuza nitrati. Inaomba wiki 4 mpaka 6, mu maji ya baridi inazidi. Ku pH ya juu amonia iko sumu kali zaidi, kwa hiyo kwa samaki za Tanganyika hii hatua hairukwe. Amonia na nitriti byote bifike sifuri. Kama rafiki yako eko na akwariomu ya zamani, omba kipande ya eponji yake chafu, itakuongeza mwendo.

Samaki za kuanza nazo: brichardi, yenye jina yake ilitoka kwa Pierre Brichard, Mubeleji mwenye alikuwa anauzisha Ulaya samaki za Tanganyika kutokea Bujumbura. Inavumilia, na watoto zenye zilizaliwa mbele zinachunga wadogo yao pamoja na bazazi, utapenda kuangalia. Tropheus, samaki ingine ya Tanganyika, iache ya baadaye, inaomba kuwa kundi, na chakula ya nyama inaifanya ivimbe tumbo na kufa, inakula majani ya ku majiwe. Sambaza, ile samaki kidogo ya Kivu, usijaribu, ikiguswa tu inakufa.

Samaki zikifika kutoka Uvira, zimwage na maji yake mu ndoo. Nunua ku farmasi mupira mupya wa serumu, ule wenye kigurudumu, upitishe maji ya akwariomu tone kwa tone mpaka maji ya ndoo iongezeke mara mbili. Kamata samaki na wavu ndogo, maji ya safari mwaga inje. Siku ya kwanza taa zima na chakula usipe. Kila wiki badilisha bidoni inne, rezistansi ukishaizima kwanza.