Baiskeli Schwarzwald: tafuta barabara isiyo na haja na magari

Kuna stesheni ya treni inaitwa Himmelreich, yaani ufalme wa mbinguni. Mbele yake kidogo linaanza korongo la Höllental, yaani bonde la jehanamu. Jumamosi yangu ya kwanza na baiskeli katika milima ya Schwarzwald, kusini-magharibi mwa Ujerumani, nilitoka mbinguni nikaingia jehanamu kwa miguu yangu mwenyewe. Simu ilinionyesha mstari mnene wa njano kutoka Freiburg hadi Titisee, nami nikadhani unene ni uzuri. Mstari ule ni barabara ya B31. Lori la kwanza liliponipita, upepo wake ulinivuta kuelekea magurudumu. La tatu sikulisubiri. Niligeuza, nikarudi mbinguni, nikapanda treni.

Tangu siku ile kila nikitazama ramani najiuliza swali moja: gari lina haja gani ya kupita hapa? Barabara inayounganisha miji miwili ina kazi. Ile inayozunguka kilima, ikapita mashamba manne na kanisa dogo, kisha ikarudi palepale ilipoanzia, haina kazi kwa mwenye gari. Hiyo ndiyo yako.

Ramani yenyewe inakusaidia ukijua herufi. A ni autobani, huruhusiwi kabisa. B ni barabara kuu za taifa, na kwa mwenye baiskeli, nyingi kati yake ni za kuepuka hata pale zinaporuhusiwa. L ni za jimbo: nyingine tulivu, nyingine si tulivu. K ni za wilaya, na hapo ndipo raha inapoanzia. Chini ya K kuna barabara ndogo za lami zisizo na namba, zilizojengwa kwa ajili ya matrekta na wakata mbao, pana kiasi cha gari moja tu. Schwarzwald imejaa hizo, kwa sababu watu wa kule hawakujibana vijijini tu. Nyumba nyingi za wakulima zimetawanyika mabondeni, kila moja na ardhi yake, na kila moja inahitaji njia ya kufika.

Tatizo ni kwamba nyingi kati ya hizo zina alama ya duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na mgeni akiiona anageuza. Iangalie vizuri kwanza. Ikiwa ndani ya duara kuna picha ya pikipiki juu ya gari, kilichokatazwa ni vyombo vya moto, baiskeli inapita. Ikiwa duara ni tupu, limekataza magari yote na baiskeli pia, mpaka uone kibao cha chini chenye picha ya baiskeli na neno "frei", yaani ruksa. Maneno "Land- und forstwirtschaftlicher Verkehr frei" yanawaruhusu wakulima na watu wa misitu. Yakiwa chini ya duara tupu, wewe hayakuhusu. Nimeshuhudia mzee mmoja akitoka zizini kunieleza tofauti hiyo kwa sauti ya kutosha kusikika bonde zima, kwa hiyo nakuokoa na aibu.

Vibao vya njia za baiskeli katika jimbo la Baden-Württemberg ni vyeupe vyenye maandishi ya kijani. Ni vizuri, lakini usiviamini macho yakiwa yamefumbwa kama una tairi nyembamba. Kazi yake ni kukutoa barabarani, na mara nyingi vinakutoa kwa kukuingiza msituni kwenye changarawe. Baiskeli yenye tairi za milimita 32 au zaidi itavumilia. Yenye 25 utaisukuma. Na humo msituni kumbuka sheria ya jimbo: njia iliyo chini ya upana wa mita 2 haipandwi na baiskeli, hata ikikuita vipi.

Sasa njia zenyewe. Kwa anayeanza, au aliyekaa miaka bila kukanyaga pedali, nashauri bonde la Murg kaskazini. Unapanda treni Karlsruhe na baiskeli yako hadi Freudenstadt, mji ulio juu, kisha unarudi chini kufuata mto kupitia Baiersbronn, Forbach na Gernsbach hadi Rastatt, karibu na mto Rhein. Ni kilomita kama 70. Usidanganywe na neno "kushuka": kipande cha juu, kabla ya Forbach, kina vilima vidogo vinavyouma na sehemu zisizo na lami. Uzuri wake mkubwa ni kwamba reli inakufuata karibu njia nzima. Ukichoka, ukipata pancha, mvua ikikukuta, stesheni iko jirani.

Ukitaka kupanda kidogo, toka Freiburg asubuhi kuelekea Kirchzarten, bondeni, tambarare. Ukifika upande wa Burg usiende na wenzako wote kwenye barabara kubwa ya St. Peter inayopitia Eschbach. Kata kuingia bonde la Ibental. Hapo magari yanapungua ghafla, unabaki na kijito upande mmoja na ng'ombe upande wa pili. Mwanzo ni laini. Baadaye bonde linajifunga, mlima unasimama, na unagundua kwa nini gia ndogo ziliumbwa. Juu utakuta St. Peter, kijiji chenye monasteri iliyoanzishwa mwaka 1093, na kanisa lake la minara miwili linaonekana kutoka mbali. Kurudi, shuka Glottertal hadi stesheni ya Denzlingen. Kushuka huko ni kutamu, ila Jumapili yenye jua utagawana barabara na pikipiki, kwa hiyo wahi.

Pikipiki ndizo kero ya milima hii, kuliko magari. Barabara ya B500 ya kaskazini, kati ya Baden-Baden na Freudenstadt, inapendeza sana kwenye picha, lakini wikendi ya kiangazi inanguruma kutwa. Ajabu ni kwamba barabara ya mlima Schauinsland, juu ya Freiburg, iko kinyume: kuanzia Aprili hadi mwanzo wa Novemba pikipiki zimepigwa marufuku Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ni kilomita kama 12 za kona juu ya kona ndani ya msitu, barabara ileile ambayo zamani yalifanyika mashindano ya magari. Mwinuko wake ni wa wastani, unapanda kwa mwendo wa mazungumzo kama pumzi ipo. Mlima Kandel, kutoka Waldkirch, una urefu kama huohuo lakini ni mkali zaidi. Uache kwanza.

Kuhusu siku: malori ya zaidi ya tani 7.5 hayaruhusiwi barabarani Jumapili nchini Ujerumani, na ya magogo hufanya kazi zaidi siku za kawaida. Jumapili kabla ya saa nne asubuhi ndiyo saa yangu. Bei yake ni kwamba Jumapili maduka yamefungwa. Si kwamba yanafungwa mapema, hayafunguliwi. Nunua chakula Jumamosi. Maji si shida ukijua siri ya waendesha baiskeli wote wa huku: makaburini. Kila kijiji kina makaburi, na ndani kuna bomba la kumwagilia maua. Ingia kwa adabu, vua kofia, usome kibao. "Kein Trinkwasser" maana yake maji hayo si ya kunywa. Usipoona kibao, omba kwenye nyumba ya jirani.

Kushuka kunaumiza watu kuliko kupanda. Msitu unazuia jua, kwa hiyo lami inayong'aa kavu kwenye uwanja inaweza kuwa na unyevu kwenye kona ya kivuli, na kuanzia Oktoba majani yaliyolowa yanateleza kama ganda la ndizi. Funga breki kabla ya kona, siyo ndani yake. Usiishike breki mfululizo kilomita tano. Ibane kwa nguvu, iachie, ibane tena, ipate kupoa. Siku moja nilishuka nikiwa nimeishikilia kwa woga, nikasimama chini na kugusa rimu kwa kidole. Kidole kilikaa na lengelenge wiki nzima. Juu milimani theluji inaweza kubaki hadi Aprili, kwa hiyo msimu salama ni Mei hadi Oktoba.

Sheria chache za barabarani. Gari linalokupita nje ya mji linatakiwa likuachie mita 2, ndani ya mji mita 1.5. Kengele na breki mbili ni lazima, taa ni lazima giza likiingia. Kofia ngumu si lazima kisheria, lakini ivae. Simu mkononi ukiwa unaendesha ni faini ya euro 55. Ukiona duara la bluu lenye picha ya baiskeli, lazima utumie njia hiyo na siyo barabara ya pembeni yake.

Beba pasipoti na kadi ya ukaazi. Ufaransa iko ng'ambo ya Rhein tu na Uswisi iko kusini, unaweza kuvuka daraja ukiwaza mambo mengine kabisa. Mwenye kibali halali cha ukaazi hana neno. Aliye bado kwenye ombi la hifadhi asivuke. Karatasi yake haimruhusu kutoka Ujerumani. Ukiwa na bima ya dhima binafsi, ile wanayoiita Haftpflicht, ukimgonga mtu au kukwaruza gari kwa baiskeli ndiyo inayolipa. Kama huna, itafute kabla ya kutafuta tairi mpya.

Baiskeli kwenye treni za mkoa huwa bure siku za kazi baada ya saa tatu asubuhi, na wikendi kutwa. Kabla ya hapo unahitaji tiketi yake, na Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya usafiri wa mikoa, haijumuishi baiskeli. Ukipotea msituni au mwenzako akianguka, piga 112 na utafute kibao cha kijani chenye msalaba mweupe na namba. Ukiitaja hiyo namba, wanajua ulipo.

Vijijini watakutazama. Wasalimie wewe kwanza, "Hallo" inatosha, na mara nyingi uso unafunguka.

La mwisho ni kupe. Baden-Württemberg imo kwenye maeneo ya hatari ya homa ya ubongo inayoenezwa na kupe, na ipo chanjo yake. Muulize daktari wako kuhusu FSME, ndilo jina la homa hiyo kwa Kijerumani. Chanjo hiyo haizuii ugonjwa wa Lyme, ambao pia huletwa na kupe. Kwa hiyo ukirudi nyumbani, kabla ya kuoga, jikague nyuma ya magoti, kinenani na kwapani, na ukimkuta mchomoe kwa kibano, taratibu, karibu kabisa na ngozi.