Kuirudishia Land Rover ya jeshi la Uingereza rangi na alama zake halisi

Usinunue rangi bado. Gari lililotumikia jeshi la Uingereza kwa miaka kumi na zaidi limepakwa rangi mara kadhaa, na kila tabaka lina kipindi chake. Kwanza amua unalirudisha mwaka gani, likiwa na kikosi gani. Ukishaamua, rangi, nambari, nembo na turubai vyote viwe vya siku hiyo moja. Kosa la kawaida kuliko yote ni ile nyota kubwa nyeupe kwenye boneti. Hiyo ni alama ya majeshi ya Washirika katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kuibandika kwenye Land Rover ya 1975 ni kumvisha mjukuu medali za babu yake.

Mfano wetu hapa ni Lightweight, ile Land Rover fupi yenye madigadi bapa iliyotengenezwa ili iweze kubebwa na helikopta. Ilianza 1968 kwa mtindo wa Series IIA, ikaendelea na Series III kuanzia 1972 hadi 1984. Mengi ya haya yanafaa pia kwa Land Rover nyingine za zamani, maana ujenzi ni uleule: chesisi ya chuma na bodi ya alumini.

Kusoma tabaka

Tafuta mahali ambapo jua na mikono havikufika: nyuma ya kibao cha nambari, chini ya mabano ya zana, ndani ya sanduku la betri. Chukua msasa wa maji namba 400, uzungushe kidoleni, chovya kwenye maji yenye tone la sabuni, kisha sugua mduara mdogo mpaka alumini ing'ae kwa ukubwa wa sarafu. Hapo badilisha namba 800 na uupanue mduara taratibu ili kingo zilale mteremko. Futa kwa kitambaa. Utaona pete zimezungukana kama za kitunguu kilichokatwa, ya ndani kabisa ikiwa ndiyo ya kwanza.

Kijani kizito kinachong'aa, karibu na cheusi, ni Deep Bronze Green, namba 224 katika orodha ya rangi ya Uingereza ya BS 381C. Kijani kisichong'aa chenye uzeituni kidogo ni NATO Green, namba 285. Ukikuta rangi ya mchanga, huenda ni Light Stone, namba 361, na hapo ujue gari lilifika jangwani au lilitayarishwa kwenda huko. Rangi za kiraia huwa juu kabisa, na mara nyingi ndizo nene kuliko zote.

Linganisha rangi na pete iliyokuwa imefunikwa, si na uso wa nje. Rangi isiyong'aa hupauka na kuota unga juani, kwa hiyo ukichanganyiwa rangi kwa kufuata uso wa boneti utapata kijani cha majivu ambacho jeshi halikuwahi kukinunua. Picha ya simu nayo haifai kwa kazi hii. Beba kipande chenyewe hadi dukani, au taja namba ya BS 381C, na kama ni NATO Green udai isiyong'aa.

Nambari za zamani hutafutwa usiku. Shika tochi ubavuni, mwanga ulale sambamba na bati, mbele na nyuma pale nambari ya usajili ilipokuwa. Kingo za herufi zilizopakwa kwa brashi hubaki zimeinuka hata chini ya tabaka tatu. Ukiona kivuli cha tarakimu, ingia na msasa wa maji namba 600: sugua mara kumi, futa, tazama, sugua tena mara kumi. Nyeupe ikianza kujitokeza, simama. Weka karatasi ya kalki, nakili umbo, urefu na nafasi kati ya herufi, piga picha ukiwa umeweka rula kando, ndipo uendelee. Tabaka linalofuata halipatikani bila kulila hili ulilonalo.

Nambari za jeshi baada ya 1949 zina tarakimu mbili, herufi mbili, kisha tarakimu mbili. Ukiipata, historia ya gari inaweza kufuatiliwa kwenye kadi za magari ya jeshi zinazotunzwa na makumbusho ya Royal Logistic Corps, kikosi cha ugavi cha jeshi hilo. British Motor Museum, makumbusho ya magari iliyoko Gaydon, Uingereza, nayo hutoa cheti, kwa malipo, kinachotokana na daftari za kiwanda, kikionyesha gari lilitengenezwa lini na lilipelekwa wapi. Nakili pia vibao vya chuma vilivyo ndani ya gari, na visipakwe rangi juu.

Kuvua rangi bila kuua alumini

Hapa ndipo bodi nyingi huharibika. Soda kali, ile kostiki ya kuondolea mafuta, huila alumini yenyewe. Usiimwage hata kidogo. Brashi ya waya ya chuma huacha chembe za chuma ndani ya alumini, na baada ya mvua chache chembe hizo huanza kutoboa rangi kwa vipele vyeupe. Mchanga wa kompresa hupinda bati jembamba la milango na ubavu, na likishapinda halirudi. Kompresa ya mchanga iachie chesisi na ukuta ulio kati ya injini na dereva, ambavyo ni vya chuma.

Kwenye alumini tumia dawa ya kuvulia rangi inayokubalika kwa metali laini, kikwangulio cha plastiki, kisha msasa namba 180 na kumalizia 320. Tabaka za zamani zinaweza kuwa na risasi na kromati, kwa hiyo kwangua kwa maji, vaa barakoa ya vumbi laini, na kusanya uchafu wote. Msasa mkavu wa mashine uwanjani mnapochezea watoto usifikirie.

Mahali alumini inapogusana na chuma, kwenye bawaba, boliti na miguu ya milango, utakuta unga mweupe. Ni ulikaji wa metali mbili zinapolowa pamoja. Fungua boliti, safisha pande zote mbili, na unaporudisha weka kipande chembamba cha mpira au plastiki katikati. Ukipaka rangi juu ya unga huo, malengelenge yatakuwa yamerudi kabla ya masika mawili kupita.

Praima

Alumini tupu haishiki rangi ya kawaida. Inahitaji praima ya asidi, tabaka moja jembamba kiasi cha kuona metali kwa mbali. Ukiinenepesha haikauki ndani, na rangi yote itabanduka kama gamba. Bodi fila usiiweke juu ya praima ya asidi: asidi huzuia fila kushika. Fila iende kwenye metali iliyokwaruzwa au juu ya praima ya epoksi. Praima za risasi nyekundu zilizozoeleka kwa mageti ziepuke kabisa kwenye alumini.

Kwa gari moja fupi, nje na ndani, kadiria praima ya asidi lita 1, praima ya kawaida lita 2.5, na rangi ya kijani lita 5 kwa mipako miwili. Nyeusi lita 1 ikiwa utaweka mabaka ya kulificha gari. Nyeupe ya nambari na alama, robo lita itatosha na kubaki.

Kupaka

Tumia rangi ya mafuta ya kopo moja. Rangi za kopo mbili zina isosianati, na barakoa ya kawaida haizuii sumu hiyo. Zinataka barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Zaidi ya hapo, hazina sura ya gari la jeshi.

Sura yenyewe ni ya brashi. Kiwandani magari yalipulizwa, lakini vikosini askari walipewa makopo na brashi, na michirizi yake huonekana mpaka leo. Kwa gari la katikati ya utumishi wake, brashi ya inchi 3 ndiyo sahihi kuliko bunduki ya kupulizia. Fundi rangi aliyezoea magari madogo ya kiraia atakuletea rangi inayong'aa kama kioo. Mwambie mapema kwamba hutaki.

Koroga kopo dakika kumi, ukikwangua chini. Kinachoondoa mng'ao hukaa chini kama matope, na usipokichanganya nusu ya kwanza ya kopo itang'aa na nusu ya pili itapauka. Punguza kwa taipentaini isiyozidi asilimia 10. Thina kali ya selulosi juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa huikunja kama utando wa maziwa ya moto. Acha saa 24 kati ya mipako. Pwani, maliza kabla ya jioni, maana umande ukiangukia rangi mbichi huacha ukungu mweupe.

Mabaka meusi huchukua takribani theluthi moja ya eneo. Yachore kwa chaki kwanza, yavuke kingo za milango na boneti ili yavunje umbo la gari. Yakiishia pembeni mwa paneli, yanalitangaza gari badala ya kulificha.

Alama

Nambari ya usajili ni nyeupe juu ya nyeusi, mbele na nyuma. Ile bamba ya duara ya njano yenye tarakimu nyeusi mbele huonyesha kundi la uzito wa gari, kwa ajili ya kuvuka madaraja. Alama ya kikosi hufuata rangi za jeshi husika: mizinga ni nyekundu juu na buluu chini, mawasiliano ni nyeupe juu na buluu chini. Herufi TP juu ya magurudumu, zikifuatwa na tarakimu, ni upepo wa tairi kwa paundi.

Kata stensili kwenye karatasi ngumu iliyopakwa mafuta. Chovya brashi fupi, ipigepige kwenye gazeti mpaka ikaribie kukauka, kisha gongagonga wima. Ukiburuta, rangi inapenya chini ya stensili na herufi inaota ndevu. Mchora mabango mzuri anaweza kuandika kwa mkono, mradi umpe ile kalki yako asiongeze madoido.

Kabla ya kulitoa barabarani, fahamu kwamba rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari na ikibadilika lazima ibadilishwe huko pia. Nambari ya jeshi haichukui nafasi ya nambari ya kiraia. Waulize polisi na mamlaka ya usajili ya nchi yako kuhusu rangi na alama za kijeshi kabla ya kupaka, si baada ya kusimamishwa.

Rangi isiyong'aa haipigwi nta wala polishi; madoa yatang'aa daima. Osha kwa sabuni laini, na petroli ikimwagika ioshe papo hapo. Mwisho ingia chini kwa nyuma, upake difu nyeupe. Taa ndogo ya msafara huimulika usiku, na dereva anayefuata huendesha akiitazama hiyo tu.