Somo: Kupunguza ukungu wa maji nyuma ya lori

Wakuu, ukilifuata lori kwenye lami yenye maji, kinachokuziba macho si mvua. Ni maji yaliyopasuliwa yakawa ukungu. Tone kubwa huanguka palepale, tone dogo huelea na kuzungushwa na upepo wa lori lenyewe. Kwa hiyo hatuhangaiki kuyazuia maji, tunahangaika yasipasuke.

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tairi linasonga mita 22 kila sekunde. Maji yaliyonasa kwenye kashata, yaani michoro ya tairi, hurushwa nyuma kwa kasi hiyo, na yakigonga kitu kigumu chenye uso laini, kama madigadi ya bati au tangi la dizeli, husambaratika.

Hatua ya 1: Isome chesisi kabla hujanunua chochote. Ukitoka kwenye mvua, paki mahali salama, zima injini, ingia chini na tochi. Palipooshwa hadi rangi inang'aa huku pembeni kuna tope, hapo ndipo maji yanapopiga. Weka alama kwa chaki. Lori la kwanza nililolikagua hivi, fremu ya tairi la akiba ilikuwa inang'aa kama sahani. Hakuna aliyewahi kuifikiria.

Hatua ya 2: Matairi. Pima upepo yakiwa ya baridi. Tairi kipara halina mifereji ya kupitishia maji, litayasukuma pembeni na siku moja litaelea juu yake.

Hatua ya 3: Mipira inayoning'inia nyuma ya tairi kuzuia maji na tope. Faida kubwa iko hapa. Ondoa ule wenye uso laini, weka wenye manyoya upande unaotazama tairi, unaofanana na zulia la nyasi bandia. Maji yakizama kwenye manyoya huishiwa nguvu na kuchuruzika chini. Upana ufunike matairi yote mawili ya pacha. Ukingo wa chini uwe kama sentimita 20 kutoka ardhini lori likiwa tupu. Ufunge kwa kipande kirefu cha bati na bolti kadhaa, maana mpira ulioshikwa na bolti mbili tu ukipata upepo unapepea kama bendera, na maji yanapita chini yake.

Kosa ninaloliona kila siku: mpira unawekwa ekseli ya mwisho ya tela peke yake. Maji ya ekseli za mbele yanakuwa yameshapasuka zamani. Kila ekseli ipate kinga yake.

Hatua ya 4: Ubavuni. Ukingo wa nje wa madigadi ushuke kidogo, au ufungwe brashi ndefu, ili maji yasichomoke kwenda njia ya jirani.

Hatua ya 5: Manyoya yakijaa tope yameshakuwa ubao. Yapige maji ya presha kila unapoosha gari.

MASWALI

Mkuu, nimeona mipira yenye matundu, hewa inapita. Hiyo vipi?
– Nayo inafaa. Hewa hupita, maji hubaki na kushuka. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la 1991 kuhusu vifaa hivi lilitambua aina zote mbili: kinachomeza nguvu ya maji na kinachotenganisha maji na hewa.

Nikishusha mpira hadi uguse lami, si ndiyo dawa kamili?
– Kaka, siku ya kwanza utakaporudi nyuma tairi litaukanyaga na kuung'oa pamoja na bano lake. Usisahau pia kwamba likipakiwa lori hukaa chini zaidi.

Nimefunga vyote, bado maji yanaruka ubavuni tairi la mbele.
– Hayo ni yale yanayobanwa chini ya tairi, mpira wa nyuma hauyagusi. Dawa yake ni kupunguza mwendo. Shuka kutoka 90 hadi 70, kisha tazama kioo cha pembeni uone tofauti.

Sisi wa magari madogo je?
– Kaa mbali mpaka uvione vioo vya dereva wa lori. Ukiamua kupita, panapostahili kupita, weka waipa kasi ya juu kabla hujaingia kwenye ukungu. Ukisubiri uwe ndani, zile sekunde za kutafuta swichi unaendesha kipofu.