Somo: kushona mkanda wa pembeni wa kwilti (blanketi la tabaka 3: kitambaa cha juu, pamba katikati na kitambaa cha chini) utoke upana mmoja mzunguko mzima

Mkanda ukitoka mnene hapa mwembamba pale watu wanalaumu cherehani, ila shida huwa imeanza kabla hata hujakaa kushona, iko kwenye ukingo wa kwilti yenyewe. Tandaza kwilti, weka rula, kata pamba na kitambaa cha chini vilivyozidi mpaka tabaka zote 3 ziwe sawa. Pamba ikiingia ndani hata kidogo mkanda unabaki mtupu hapo na unalala.

Mkanda kata upana wa inchi 2½. Urefu, jumlisha pande zote 4 uongeze inchi 12, yaani kwilti ya 60 kwa 80 inataka 292, kwa kitambaa cha upana wa inchi 44 vipande 8 vinatosha. Viunge kwa mshono wa mshazari, maana ukiunga wima unene wote unajikusanya sehemu moja na patavimba. Kunja katikati kwa urefu, piga pasi vizuri.

Anzia katikati ya upande, usianzie kona, na acha mkia wa inchi 10 haujashonwa. Kingo mbichi za mkanda, yaani zile zilizokatwa, si upande wa kunjo, zilale sawa na ukingo wa kwilti upande wa mbele, shona robo inchi, macho yafuate ukingo unavyopita kwenye mguu wa cherehani, sindano achana nayo.

Kona sasa, hapa twende taratibu. Simama robo inchi kabla ya mwisho, rudisha mishono miwili mitatu, kata uzi. Zungusha kwilti robo mzunguko, upande unaofuata uwe mbele yako. Mkanda ukunje uelekee juu, utaona mshazari umejitengeneza wenyewe pale konani, ushikilie kwa kidole, halafu ukunje ushuke chini, hilo kunjo la juu liwe sawasawa na ukingo uliotoka kuushona, ndo uanze tena kutoka ukingoni kabisa. Likizidi au likipungua kona haitachongoka.

Mwisho geuzia nyuma, ufunike mstari wa mshono, bana, shona kwa mkono au mashine.

MASWALI

Fundi, wangu umeshonwa vizuri ila kwilti inafanya mawimbi pembeni, kwa nini?
Unavuta kitambaa wakati wa kushona. Acha mashine ivute yenyewe, na kama una mguu wa kusogeza tabaka za juu na chini pamoja, ufunge huo.

Mikia miwili ya mkanda, wa kuanzia na wa kumalizia, naiungaje?
Ilaze ipandiane, kata ile ya juu ibaki imepandiana inchi 2½, sawa na upana wa mkanda kabla hujaukunja. Ifungue, iunge mshazari kwa pini kwanza, jaribu kama imelala ndo ushone na kupunguza.

Kona zangu ni za mviringo, inakuwaje?
Hapo mkanda wenyewe ukate mshazari wa kitambaa dada, uliokatwa kwa kunyooka hautakubali kuzunguka, utajikunja tu.